Zuhura au Mirihi: uchague sayari ipi kwa utafiti wa volkeno na nyufa?

Mwanafunzi wa jiolojia au jiografia anayetaka kuandika tasnifu kuhusu sura ya nchi ya sayari nyingine, sawa na mwalimu anayeiandalia klabu ya sayansi mradi wa mwaka mzima, hukuta mbele yake sayari mbili za mawe zenye volkeno na nyufa za kutosha kumshughulisha: Zuhura na Mirihi. Utaridi nayo ina kingo ndefu za miamba zilizotokea sayari nzima iliposinyaa kadiri ilivyopoa, lakini historia yake ya kitektoniki, yaani ya kukunjamana na kupasuka kwa gamba lake la mwamba, ni ya mkondo mmoja kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana nimeiweka kando. Wengi huchagua Mirihi bila kufikiri sana, kwa sababu picha zake ni nyingi na mtu huzielewa mara anapozitazama. Kwa maoni yangu, uzuri wa picha ni kigezo dhaifu. Anayeuliza jinsi ardhi inavyovimba, kupasuka na kutanuka atapata mengi zaidi Zuhura, ilhali anayeuliza lava ilitiririka lini na kwa mfuatano gani hana budi kwenda Mirihi.

Zuhura inakaribia Dunia kwa ukubwa, kwani nusu kipenyo chake ni takriban km 6,052 na cha Dunia ni km 6,371. Mirihi ni ndogo, ikiwa na nusu kipenyo cha km 3,390 hivi. Tofauti hiyo ndiyo mzizi wa nyingi kati ya tofauti zitakazotajwa humu. Sayari ndogo hupoteza joto lake la ndani mapema, tabaka lake gumu la nje hunenepa, na magma hubaki na njia chache za kupanda juu. Sayari kubwa huendelea kuwa moto kwa muda mrefu zaidi, na joto hilo hutokea popote gamba lilipo dhaifu. Jambo moja huziunganisha: hakuna kati yake iliyo na mfumo wa mabamba yanayosogea na kuzama moja chini ya jingine kote sayarini kama ilivyo hapa kwetu. Kwa hiyo msomaji aliyezoea kuzitafuta volkeno kwenye mipaka ya mabamba atalazimika kuiacha desturi hiyo tangu mwanzo, ama sivyo ataona mipaka mahali isipokuwepo.

Volkeno chache kubwa, na volkeno nyingi ndogo

Mirihi imejenga volkeno chache zenye ukubwa usio na mfano. Olympus Mons ina kimo cha karibu km 22 juu ya usawa wa marejeo wa sayari hiyo na upana wa takriban km 600, kiasi kwamba ukingo wake mmoja ukiwekwa Nairobi, ule wa pili ungepita Kampala. Pamoja na kimo hicho miteremko yake ni ya upole, nyuzi tano hivi kwa wastani, kwa kuwa ni volkeno ya umbo la ngao iliyojengwa kwa lava ya basalti inayotiririka kwa urahisi, tabaka juu ya tabaka. Maelezo ya ukubwa huo yanajulikana vizuri. Visiwa vya Hawaii vilijengwa juu ya chanzo kimoja cha joto, lakini bamba la Pasifiki lilikuwa likisogea na kuuondoa kila mlima juu ya chanzo hicho, ndipo ukazaliwa mnyororo wa visiwa. Huko Mirihi gamba lilibaki mahali pake, lava ikarundikana pale pale kwa muda mrefu mno, na uvutano mdogo pamoja na unene wa tabaka la nje vikauwezesha mlima kusimama bila kudidimia. Milima mitatu jirani, yaani Arsia, Pavonis na Ascraeus Montes, imejipanga katika mstari juu ya uvimbe mkubwa uitwao Tharsis, na kaskazini mwake iko Alba Mons, ambayo haikufika hata km 7 kwenda juu lakini imetandaa zaidi ya km 1,000.

Zuhura imetawanya volkeno zake karibu kila mahali. Orodha iliyochapishwa mwaka 2023 na Rebecca Hahn na Paul Byrne ilihesabu takriban 85,000, na sehemu kubwa sana kati yake ni vilima visivyofika km 5 kwa upana. Ziko volkeno kubwa pia, kama Maat Mons yenye kimo cha karibu km 8 juu ya usawa wa wastani wa sayari, na ziko kuba bapa zilizo duara kamili, zenye upana wa km 25 hivi na kimo kisichofika km 1, zilizoumuka na kutulia kama mkate wa kumimina. Mfano maarufu ni kundi la kuba saba kwenye ukingo wa mashariki wa Alpha Regio. Umbo hilo linaashiria lava nzito iliyosukumwa kutoka tundu moja juu ya uwanda ulio karibu tambarare, ingawa wataalamu bado hawakubaliani kama uzito huo ulitokana na wingi wa silika au na sababu nyingine.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, umbo la kuvutia zaidi la Zuhura huenda ni mifereji yake. Baltis Vallis ina urefu wa takriban km 6,800, ambao unazidi urefu wa Mto Nile, na imechimbwa na kimiminika fulani katika sayari ambayo joto la uso wake, takriban nyuzi 465 za selsiasi, haliruhusu tone la maji kukaa. Lava ya kawaida ya basalti ingetarajiwa kupoa na kuganda kabla ya kufika mbali kiasi hicho. Mojawapo ya majibu yaliyopendekezwa linaelekeza Tanzania, kwenye Ol Doinyo Lengai, volkeno pekee hai inayojulikana kutoa lava ya kabonati. Lava hiyo ni nyepesi karibu kama maji na hutoka ikiwa na nyuzi kati ya 500 na 600 hivi, chini sana ya basalti inayozidi 1,000. Juu ya ardhi yenye nyuzi 465, lava ya namna hiyo ingekuwa na sababu ndogo ya kuganda, ingetiririka kwa siku nyingi, na ingeweza kuchimba mfereji mrefu na mwembamba. Hii ni nadharia na haijathibitishwa. Hata hivyo, ni nadra kwa mtafiti kuwa na kipimo cha sayari nyingine kinachofikika kwa barabara kutoka Arusha.

Kuhusu uhai wa volkeno hizo, Zuhura imejipatia nguvu mpya katika miaka ya karibuni. Mwaka 2023 Robert Herrick na Scott Hensley walitangaza kwamba tundu moja la volkeno karibu na Maat Mons lilibadilika umbo na kupanuka, kutoka eneo la takriban km za mraba 2.2 hadi karibu 4, kati ya Februari na Oktoba 1991. Picha zenyewe, zilizopigwa kwa rada na chombo cha Magellan, zilikuwa zimekaa katika hifadhi kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka uliofuata watafiti wa Italia walionesha dalili za mitiririko mipya ya lava kwenye Sif Mons na Niobe Planitia, wakitumia takwimu zilezile. Kwa Mirihi hakuna mlipuko ulioonekana tangu vyombo vianze kuizunguka, ingawa kuna amana ndogo ya majivu kwenye nyufa za Cerberus Fossae inayokadiriwa kuwa na umri wa makumi machache tu ya maelfu ya miaka, ambao katika jiolojia ni kama jana.

Nyufa, mabonde na mikunjo

Hapa ndipo Zuhura inapoipita Mirihi kwa mbali. Mirihi ina mhimili mmoja mkubwa wa kitektoniki, nao ni uzito wa Tharsis. Uvimbe huo uliielemea sayari nzima, ukaipasua kwa nyufa zinazosambaa kutoka kwake kuelekea pande zote, na kuikunja kwa matuta madogo yaliyoizunguka. Hata Valles Marineris, bonde lenye urefu wa takriban km 4,000 na kina kinachofikia km 7, lina asili iliyofungamana na Tharsis: lilianza kama mabonde ya ufa yaliyoshuka kati ya hitilafu sambamba (nyufa ambazo pande zake zimesogea), kisha maporomoko ya ardhi yakalipanua, na katika ncha yake ya mashariki mafuriko makubwa ya kale yakaongeza kazi. Mtafiti anayelitaka kama bonde la ufa atatumia nusu ya muda wake kutenganisha kilichopasuka na kilichoporomoka. Mifano iliyo safi zaidi ya kupasuka iko Claritas Fossae na kwenye mabonde membamba yanayoizunguka Alba Mons.

Zuhura ina aina nyingi zaidi, na baadhi hazina mwenza anayejulikana Mirihi. Kuna korona, ambazo ni maduara ya nyufa na matuta yanayozunguka eneo lililovimba au kudidimia, zipatazo 500 kwa jumla. Artemis, iliyo kubwa kuliko zote, ina upana wa takriban km 2,600. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwamba wa moto ulipanda kutoka koti la sayari (tabaka nene la mwamba lililo chini ya gamba), ukaliinua gamba, ukatandaa, kisha gamba likashuka, na kila hatua ikaacha alama yake. Kuna tesera, yaani nyanda za juu zilizokunjwa na kupasuliwa katika pande mbili au zaidi mpaka historia yake ikawa ngumu kusomeka. Hizo hufunika asilimia 7 au 8 ya uso na kwa kawaida ndizo zilizo kongwe kuliko tambarare zinazozizunguka. Kuna milima ya mikunjo inayouzunguka uwanda wa juu wa Lakshmi Planum, ikiwemo Maxwell Montes yenye kimo cha karibu km 11, ambayo kwa bahati ni mojawapo ya sehemu chache sana za Zuhura zisizo na jina la kike.

Na kuna mabonde ya ufa yenyewe. Beta Regio ni uvimbe mpana uliokatwa katikati na Devana Chasma, ufa unaoshuka kusini kuelekea Phoebe Regio, huku volkeno za Rhea Mons na Theia Mons zikiwa katika eneo hilohilo. Mwanafunzi aliyesoma kuhusu Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ataitambua sura hiyo mara moja: nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia zilizoinuliwa kutoka chini, ufa unaozipasua, na volkeno zilizojipanga ndani ya ufa na pembeni mwake. Vipimo vya uvutano vilivyochukuliwa na chombo cha Magellan vinaunga mkono kwamba uvimbe wa Beta Regio unashikiliwa na koti la moto linalopanda chini yake. Tofauti iko katika hatima ya ufa. Huku kwetu bamba la Nubia na la Somalia yanaachana kwa milimita chache kila mwaka, na mbele kidogo, kwenye Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, mwachano wa aina hiyo umekwisha kuzaa bahari. Zuhura haina mabamba ya kuachana, kwa hiyo ufa hutanuka kiasi na kusimama.

Kiasi hicho kinaweza kupimwa, na hapa kuna mahali ninapopapendekeza kwa kila anayeanza. Ndani ya Beta Regio iko kasoko ya kimondo iitwayo Balch, yenye upana wa takriban km 40, ambayo ufa umeipasua vipande viwili. Kwa kuwa kasoko za ukubwa huo huzaliwa zikiwa karibu duara, mtu anaweza kuirudisha katika umbo lake la awali juu ya ramani na kusoma moja kwa moja ni km ngapi ardhi imetanuka pale. Sijui kipimo rahisi zaidi ya hicho cha kutanuka kwa gamba katika sayari yoyote, na hakihitaji zaidi ya picha moja na rula.

Mirihi ina nguvu yake katika jambo moja la kitektoniki, nalo ni uhusiano kati ya nyufa na magma iliyokwama chini. Mwezi Julai 2007, karibu na mlima Gelai upande wa kusini wa Ziwa Natron, mlolongo wa matetemeko uliambatana na magma iliyojipenyeza wima ardhini bila kufika juu, na juu yake ardhi ikashuka katikati ya nyufa mbili na kufanya bonde dogo refu. Nyufa za Cerberus Fossae huelezwa na wataalamu wengi kwa njia hiyo hiyo, na zina ushahidi ambao Zuhura haina: kipimatetemeko cha chombo cha InSight, kilichofanya kazi Mirihi kuanzia mwishoni mwa 2018 hadi Desemba 2022, kilinasa matetemeko zaidi ya 1,300, na mengi ya yale makubwa yaliyoweza kupewa mahali yalitoka huko.

Namna ya kuzisoma picha

Mirihi ina angahewa nyembamba, na kamera huona uso wake kama jicho linavyoona. Kamera ya HiRISE, iliyo kwenye chombo kilichoanza kuizunguka sayari hiyo mwaka 2006, hutoa picha za sentimita 25 hadi 30 kwa pikseli katika sehemu zilizochaguliwa. Mozaiki (picha nyingi zilizounganishwa kuwa moja) ya kamera ya CTX hufunika karibu sayari yote kwa mita 5 kwa pikseli. Na kipimakimo cha leza cha MOLA kiliacha ramani ya miinuko yenye seli za mita 463. Anayeanza anaweza kuona ukingo wa mtiririko wa lava, kuupima kimo kwa kivuli chake, na kuwa na hakika.

Zuhura imefunikwa na mawingu wakati wote, na uso wake huonekana kwa rada tu, ukiacha vipande vichache vya mawimbi ya infraredi na picha chache za vyombo vya Kisovyeti vilivyotua kati ya 1975 na 1982. Venera 13, kilichodumu kuliko vingine, kilifanya kazi kwa dakika 127. Kwa hiyo karibu kila kitu hutegemea Magellan, chombo kilichochora asilimia 98 ya sayari kati ya 1990 na 1992 kwa kiwango cha mita 100 hadi 120 hivi, huku kipimakimo chake kikiona madoa ya km 10 hadi 20. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuisoma picha ya rada kama picha ya kamera. Weupe wake hauna uhusiano na jua wala rangi ya mwamba: mahali peupe ni pale palipokwaruzika kwa kiwango cha urefu wa wimbi, sentimita 12.6, au palipoelekea rada, na mahali peusi ni laini. Milima pia huonekana kana kwamba imelala upande mmoja. Ninamshauri anayeichagua Zuhura atenge wiki kadhaa za kujifunza hayo kabla hajachora mstari wake wa kwanza. Hii ndiyo gharama halisi ya Zuhura, na kwa mtu aliye na muhula mmoja tu ni gharama kubwa mno.

Fidia yake ni uhifadhi. Zuhura haina mvua, mito wala barafu, na upepo wa usoni ni wa polepole, hivyo ufa uliofunguka mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita bado una kingo kali. Mirihi imepitiwa na maji ya kale, barafu na vumbi. Upande wa magharibi wa Arsia Mons, kwa mfano, umetandazwa amana zinazotafsiriwa kuwa za barafu juu ya lava, na vumbi la Tharsis huficha muundo wa miamba yenyewe.

Swali la umri

Katika hili Mirihi haina mpinzani. Ina kasoko zaidi ya 380,000 zenye upana wa km 1 au zaidi, na kwa kuzihesabu katika eneo moja mtafiti anaweza kukadiria umri wa mtiririko mmoja wa lava, au wa sakafu ya kaldera moja ya Olympus Mons, ambazo nyingi hukadiriwa kuwa na miaka milioni 100 hadi 200. Makadirio hayo yana mipaka mipana ya makosa, lakini yana maana. Aidha, kuna mawe ya Mirihi hapa Duniani, yaliyorushwa angani na migongano, kama kile kimondo kilichoanguka Zagami, Nigeria, Oktoba 1962, na mawe hayo yanaweza kupimwa umri na kemikali maabara. Hakuna kimondo kinachojulikana kutoka Zuhura.

Zuhura ina kasoko zisizofika 1,000 kwa sayari nzima, zimetawanyika bila mpangilio, na angahewa lake zito huviteketeza vimondo vidogo kabla havijafika chini. Kwa hesabu hiyo unaweza kusema kwamba uso kwa wastani una umri wa miaka milioni 300 hadi 750 hivi, lakini huwezi kusema Theia Mons ina umri gani. Mjadala wa tangu miaka ya 1990, kama sayari hiyo ilifunikwa na lava mpya kwa kipindi kifupi au polepole kidogo kidogo, bado haujaisha kwa sababu hiyo hasa. Mwanafunzi asiahidi umri katika pendekezo lake la utafiti wa Zuhura. Aahidi mfuatano, yaani kipi kimekata kipi na kipi kimefunika kipi.

Nani achague ipi

Mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta moja na wanafunzi wengi achague Mirihi, wala asisite. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ambaye swali lake linahusu kupasuka kwa gamba, hasa ikiwa amewahi kufanya kazi ya uwandani katika Bonde la Ufa, achague Zuhura, kwa kuwa anayoyajua kwa miguu yake yatamsaidia kuliko ujuzi wowote wa programu, na kwa kuwa uwanja huo unakaribia kupanuka: chombo cha EnVision cha Ulaya kimepangwa kurushwa mwaka 2031, na VERITAS cha Marekani kimekusudiwa kuichora sayari nzima kwa rada iliyo makini zaidi. Anayetaka kulinganisha sayari zote mbili katika kazi moja atumie mozaiki ya kamera ya infraredi ya THEMIS ya Mirihi, yenye mita 100 kwa pikseli, ili isije ikawa anapima tofauti ya kamera badala ya tofauti ya ardhi.

Mozaiki hizi hutolewa bila malipo, ile ya Magellan na ya THEMIS na Idara ya Jiolojia ya Marekani (USGS), na hufunguka katika QGIS, programu ya bure ya ramani. Kwa Zuhura, kianzio kizuri ni mraba mmoja wa Beta Regio wenye Balch ndani yake, picha zikiwa pamoja na tabaka la miinuko. Kwa Mirihi, ni kipande cha Cerberus Fossae kisichozidi km 200 kwa urefu, kwa sababu mozaiki ya mita 5 kwa pikseli huilemea kompyuta ya kawaida upesi kuliko mtu anavyotarajia.